Barua ya Sheikh Ahmad: Nani Aliyeileta?

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuiona, au kusomewa, ile barua iitwayo Wasia wa Sheikh Ahmad. Ikiwa wewe ni mtu mzima, huenda uliipata katika karatasi iliyonakiliwa kwa mkono au kupigwa chapa, ikapenyezwa chini ya mlango au kuachwa msikitini juu ya rafu ya misahafu. Ikiwa ni kijana, umeipata katika simu yako. Maana yake ni ile ile. Mtu ajiitaye Sheikh Ahmad, mtumishi wa Msikiti wa Mtume (S.A.W.), adai kwamba usiku wa kuamkia Ijumaa, baada ya kusoma Kurani, alimwona Mtume, naye akamwambia kuwa aona haya mbele ya Mola wake na Malaika kwa sababu ya maasi ya umma huu. Hutajwa na idadi ya waliokufa baina ya Ijumaa mbili hali si Waislamu. Katika nakala moja mashuhuri ni watu 160,000. Kisha yaja yale ambayo ndiyo miguu ya barua hii. Atakayeinakili na kuipeleka mji hadi mji atajengewa jumba Peponi. Akiwa maskini atatajirika, akiwa na deni litalipwa. Na atakayeizuia atakosa shufaa ya Mtume siku ya Kiyama. Mwisho huyo Sheikh Ahmad aapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba ni kweli, na kwamba akiwa mwongo basi na afe nje ya Uislamu.

Nani ataisoma barua kama hiyo asitetemeke? Ndiyo maana nimependa tuizungumze, kwa sababu ina tarikh ndefu, na sehemu ya tarikh hiyo imepita hapa hapa kwetu pwani.

Mwaka 1908 barua hii ilizagaa kusini mwa nchi ambayo leo ni Tanzania bara, hasa katika wilaya ya Lindi. Wakati huo Wajerumani ndio waliokuwa wakitawala, chini ya Gavana Rechenberg. Yatupasa tukumbuke watu wa huko walikuwa katika hali gani. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeanza mwezi wa Julai 1905 katika milima ya Umatumbi, kwa sababu ya dhuluma za kweli: kodi, viboko, na kulazimishwa kulima pamba. Vikaenea kusini kote na kumalizika 1907. Wajerumani walichoma vijiji na maghala ya chakula, ikafuata njaa, na wanahistoria hukadiria waliokufa kuwa baina ya watu 75,000 na 300,000. Na katika vita vile vile watu walikwenda mbele ya bunduki kwa kuamini habari kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi kuwa maji. Habari hiyo ilipita kijiji hadi kijiji, mdomo hadi mdomo, mbio kuliko tarishi yeyote wa serikali.

Basi mwaka mmoja baada ya misiba hiyo, watu wamezika jamaa zao na maghala ni matupu, inawajia barua yasema kwamba dunia iko karibu kwisha, milango ya toba iko karibu kufungwa, warejee kwa Mola wao. Je, ungewalaumu kwa kuiamini? Mimi siwalaumu. Mtu aliyekwisha kuona nyumba yake ikiungua hahitaji dalili nyingi za kumjulisha kwamba Kiyama ki karibu. Waliijia misikiti kwa wingi, wakainakili na kuipeleka mbele kama ilivyowaamrisha.

Lakini tutazame na upande wa pili, upande wa wenye serikali, wenye simu za waya na manowari na wasomi. Hao nao waliiamini barua! Hawakuiamini kuwa yatoka kwa Mtume. Waliiamini kuwa ni mbiu ya vita. Walihofu Maji Maji ya pili, mara hii kwa jina la Uislamu. Nakala zikasakwa, walimu wa vyuo wakahojiwa, jicho likatupwa Unguja kutafuta mkono uliojificha, na wamisionari wakapata hoja ya kuionya serikali juu ya "hatari ya Uislamu". Nao wakaipa jina la Barua ya Makka. Msomaji, kaburi la Mtume liko Madina. Hata mtoto wa chuo wa siku zile angewaambia. Jina hilo peke yake latosha kukuonyesha uchunguzi wao ulikuwa wa namna gani.

Aliyewatoa katika hofu hiyo alikuwa mtu wa vitabu. Carl Heinrich Becker, profesa wa mambo ya Mashariki mjini Hamburg, aliisoma barua akaona kuwa si ngeni. Mholanzi Snouck Hurgronje alikwisha kuandika juu ya barua ya namna hiyo hiyo katika miaka ya 1880, iliyokuwa ikizunguka katika nchi za Waislamu zilizotawaliwa na Waholanzi, huko ambako leo ni Indonesia. Mtumishi ni yule yule, ndoto ni ile ile, na vitisho ni vile vile. Becker alieleza mambo haya mwaka 1911 katika jarida lake liitwalo Der Islam. Kumbe karatasi iliyoutikisa mji wa Lindi ilikuwa karatasi kuukuu, isiyoandikwa kwa ajili ya Lindi wala kwa ajili ya Wajerumani.

Hapa ndipo penye jambo ninalotaka ulishike. Waliotubu kwa barua ile na waliowakamata watu kwa barua ile walikuwa mahasimu, lakini walifanya kosa moja. Wote waliyatazama maneno, mmoja akayaona mazuri na mwingine akayaona ya hatari. Hapana aliyeanza kwa kuuliza: nani aliyeileta, na huyo naye kaipata kwa nani?

Sisi Waislamu tuna udhuru mdogo zaidi katika kosa hilo. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 6, yatuamrisha kwamba akitujia fasiki na habari tuichunguze, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wafasiri wengi waeleza kuwa iliteremka kwa sababu ya al-Walid bin Uqba, aliyetumwa kukusanya zaka kwa Bani Mustalik. Alipowaona wametoka kwa wingi kuja kumlaki aliogopa, akarudi njiani, akapeleka habari Madina kwamba wamezuia zaka na walitaka kumwua. Nusura vita vizuke. Tazama, mletaji habari alikuwa mjumbe rasmi, na kweli aliwaona watu wametoka. Alichokiona ni kweli, alichokieleza si kweli. Habari nyingi za kutisha ni za namna hiyo: picha ni ya kweli, maneno yaliyobandikwa chini yake ni ya uwongo.

Katika miaka ya mwanzo ya Uislamu watu walikuwa wakipokea Hadithi kwa kuaminiana. Ilipotokea fitina, Waislamu wakagawanyika na kila kundi likatamani kuwa na Hadithi ya kulipa nguvu, maulamaa walianza kumdai kila msemaji ataje watu wake. Hayo ameyasimulia Ibn Sirin wa Basra, aliyefariki mwaka 110 wa Hijra (729). Hapo ndipo ilipopata nguvu elimu ya sanadi, yaani silsila ya wapokezi, ambayo ndani yake mtu hutajwa kwa jina lake, mji wake, mwalimu wake, uhifadhi wake, na mwaka wa kufa kwake.

Huo mwaka wa kufa ni silaha kali. Sufyan al-Thawri alikuwa akieleza kwamba wapokezi walipotumia uwongo, wao maulamaa waliwatumilia tarikh. Nikupe mfano. Mtu mmoja, Umar bin Musa, alifika mji wa Hims katika Sham, watu wakamkusanyikia msikitini, naye akawa asimulia kutoka kwa "sheikh wenu mwema". Ufayr bin Maadan akamwuliza ni nani huyo sheikh, akajibu kuwa ni Khalid bin Maadan. Akaulizwa alikutana naye mwaka gani. Akasema mwaka 108. Akaulizwa wapi. Akasema katika vita vya Armenia. Ufayr akamwambia amche Mungu, kwani Khalid alifariki mwaka 104, na huyu adai kuwa alikutana naye miaka minne baada ya kufa! Tena akamwongezea kuwa Khalid hakupata kupigana Armenia hata siku moja. Yeye akipigana na Warumi. Maswali matatu mepesi: nani, lini, wapi. Mtu mzima akaumbuka mbele ya msikiti mzima.

Sasa mpime Sheikh Ahmad kwa mizani hiyo. Katika miaka ya 1880 yuko macho usiku wa Ijumaa asoma Kurani. Mwaka 1908 yuko macho. Katika simu ya mjukuu wangu bado yuko macho, na ndoto ni ya Ijumaa iliyopita. Mtumishi gani huyu wa msikiti aishiye miaka zaidi ya 140 asizeeke wala asistaafu? Na Kiyama anachokihubiri kimekuwa karibu kwa vizazi vitano.

Wanazuoni hawakunyamaza. Rashid Rida aliikanusha katika jarida lake la Al-Manar huko Misri mwanzoni mwa karne ya ishirini. Na Sheikh Abdulaziz bin Baz wa Saudia, aliyefariki mwaka 1999, aliandika risala nzima kuibatilisha. Katika risala hiyo mna jambo dogo ambalo kwangu mimi lina thamani kuliko hoja zote kubwa zilizomo: aeleza kwamba alimwuliza mmoja katika jamaa za huyo Sheikh Ahmad anayesingiziwa, naye akamjibu kuwa barua ni ya uwongo, Sheikh Ahmad hakupata kuyasema hayo, naye amekwisha kufa zamani. Basi! Barua imezunguka Java, Misri, Bara Hindi na Lindi, na jawabu lake lilikuwa kwa jamaa wa mwenye jina.

Utaniuliza: mbona basi haikufa? Haikufa kwa sababu imevaa kanzu. Yaamrisha Sala, zaka na toba, yakataza ulevi na zina. Mtu ahisi kwamba akiitilia shaka barua ataonekana aitilia shaka Sala. Na hii si hila mpya. Nuh bin Abi Maryam, kadhi wa Marw aliyefariki mwaka 173 (789), alikuwa mwanachuoni mwenye elimu nyingi, akatunga Hadithi za fadhila za Kurani, sura moja baada ya nyingine. Alipoulizwa kazipata wapi, alijibu kuwa aliwaona watu wameiacha Kurani na kushughulika na fikihi ya Abu Hanifa na vitabu vya vita vya Ibn Is-haq, basi akazitunga kwa kutaka thawabu. Maulamaa wa Hadithi waliwaogopa watu wa namna hii kuliko mazandiki, kwa sababu zandiki watu humkimbia, na mcha Mungu watu humkimbilia.

Kiko kisa ambacho wahubiri wetu hukipenda sana, nami nimekisikia mimbarini mara nyingi. Husemwa kuwa Ahmad bin Hanbal na Yahya bin Main walisali katika msikiti wa Rusafa, Baghdad, akasimama msimulizi mmoja akapokea kutoka kwao wenyewe, bila ya kujua kuwa wako mbele yake, Hadithi ya ndege mwenye mdomo wa dhahabu na manyoya ya marijani aumbwaye kwa kila neno la kalima. Walipomwita na kumjulisha kwamba wao ndio Ahmad na Yahya na hawajapata kuisikia Hadithi hiyo, aliwacheka, akawauliza kama wao wadhani hakuna duniani Yahya na Ahmad wengine ila wao. Kisa kizuri mno, tena cha kuwasuta waongo. Lakini Dhahabi, bingwa wa elimu ya wapokezi, alikitazama kisa chenyewe kimefikaje, akakuta katika silsila yake mtu asiyejulikana, akasema ni kisa cha kukataliwa na kwamba yuahofia huyo mtu ndiye aliyekitunga. Umeona insafu hiyo? Kisa chawapendelea maulamaa wa Hadithi, chawatukuza maimamu wao wawili wakubwa, na bado aliyekitupa ni mwanachuoni wa Hadithi.

Ama mfano ulionikaa moyoni zaidi ni wa Shuba bin al-Hajjaj, aliyefariki Basra mwaka 160 (776). Alikuwa Kufa kwa Abu Is-haq, akamsikia apokea Hadithi juu ya fadhila ya udhu kutoka kwa Abdullah bin Ata, kutoka kwa Sahaba Uqba bin Amir. Shuba akauliza: je, Abdullah aliisikia kwa Uqba mwenyewe? Sheikh akakasirika. Mmoja aliyekuwa hapo, Mis'ar, akamwambia Shuba kuwa amemwudhi sheikh, na kwamba huyo Abdullah yu hai Makka. Shuba akafunga safari ya Makka, wala si kwa kutaka kuhiji, ni kwa kuitaka Hadithi. Akamkuta Abdullah, akamwuliza. Akajibu kuwa yeye aliambiwa na Saad bin Ibrahim. Imamu Malik akamjulisha Shuba kuwa Saad yuko Madina, mwaka ule hakuja Hija. Akaenda Madina. Saad akamwambia: Hadithi hii imetoka kwenu huko, nimeambiwa na Ziyad bin Mikhraq. Shuba akastaajabu, Hadithi gani hii, mara ya Kufa, mara ya Madina, mara ya Basra! Akasafiri hadi Basra kwa Ziyad. Ziyad akamwambia kuwa Hadithi hiyo haimfai mtu kama yeye. Akashikilia, hata akatajiwa: ameipokea kwa Shahr bin Haushab. Lilipotajwa jina hilo Shuba aliona safari yake yote imevunjika, kwani Shahr kwake hakuwa wa kutegemewa. Akasema kwamba lau ingalimthubutikia, ingalikuwa bora kwake kuliko ahli yake na mali yake.

Msomaji, lizingatie neno hilo la mwisho. Shuba hakuwa akiichukia habari ile, bali aliitamani. Na fadhila ya udhu imethibiti kwa njia nyingine zilizo sahihi, zimo hata katika Muslim. Hata hivyo njia hii, aliyoitembelea mwendo wa miezi juu ya ngamia, aliiangusha, kwa sababu wale watu wa katikati walikuwa wamefichwa na mmoja wao hakufaa. Sisi habari tunayoitamani ndiyo tusiyoiuliza kabisa.

Mwaka jana wanafunzi wangu, vijana na wasichana, walikuja na picha iliyokuwa ikizunguka katika simu. Ni kiumbe nusu mtu nusu mnyama, na maneno yaliyoandamana nayo yasema kwamba ni msichana wa nchi moja ya Kiarabu aliyeutupa Msahafu mama yake alipokuwa akisoma, Mwenyezi Mungu akamgeuza papo hapo. Hakuna jina la msichana, la mji, la hospitali, wala la aliyepiga picha. Niliwaambia tufanye alivyofanya Shuba. Msichana aliyeileta aliipata kwa shangazi yake. Shangazi alisema aliipata kwa jirani. Jirani aliipata katika kikundi cha simu cha watu wa arusi fulani, na arusi yenyewe ilikwisha kitambo. Hapo silsila ikakatika. Juu ya ujumbe palikuwa na mishale miwili, ambayo katika WhatsApp ni alama kwamba umekwisha kupitishwa mikono mitano au zaidi. Nikawaambia: tazameni ajabu ya sanadi hii, yaihesabu mikono lakini haimtaji mtu hata mmoja. (Wenye WhatsApp wenyewe waliona hatari yake, tangu 2019 waliwawekea watu wa dunia nzima mpaka wa kupeleka ujumbe kwa watu au vikundi vitano tu kwa mara moja, na 2020 ule uliopita mikono mingi wakauwekea mpaka wa mtu au kikundi kimoja.)

Kijana mmoja akaitafuta picha yenyewe katika intaneti, kwa ile njia ya kuipa mashine picha badala ya maneno. Haikumchukua hata muda wa kusoma Yasin. Kiumbe kile ni sanamu. Ametengeneza mchongaji wa Australia, Patricia Piccinini, kwa silikoni, ngozi na nywele, katika kazi aliyoiita Leather Landscape, ikaonyeshwa Venice, Italia, mwaka 2003 katika yale maonyesho makubwa ya sanaa. Jina lipo, mji upo, mwaka upo. Safari ya Shuba kutoka Kufa hadi Makka, Madina na Basra, sisi tumeifanya tumekaa juu ya mkeka.

Yule msichana alimpelekea shangazi yake jina la mchongaji na picha nyingine za maonyesho yale, ili aifute na awajulishe aliowapelekea. Shangazi akajibu kwamba ameona, lakini hataifuta, kwa kuwa tangu watoto waione wameacha kuichezea misahafu. Nami nikamkumbuka kadhi wa Marw. Nimemwambia msichana amwombe babake ruhusa nifike kwao Alhamisi baada ya Alasiri, shangazi akiwepo.